Waya Laini wa Kisimani

Germiston, Johannesburg
17 Mei 1992

Kaka Dingani, Mntungwa,

Nakusalimu kwa jina la ukoo wetu, wewe na nyumba nzima. Mimi ni mzima, isipokuwa mgongo. Tunachimba mitaro ya kulaza nyaya za umeme, sururu kuanzia alfajiri mpaka jua lizame, na ardhi ya huku ina mawe kama meno. Magoti ya mama yanasemaje? Ng'ombe wamebaki wangapi na ukame huu? Siphetheni mwambie mumewe anamkumbuka, na sabuni aliyoitaka iko ndani ya mzigo.

Mzigo wenyewe yuko nao Gwebu, yule mwenye gari la kubeba vitu vya watu wa kwetu. Atapita kwenu Ijumaa. Kuna pampu ndogo ya mota, imetumika lakini inanguruma vizuri. Kuna waya mita arobaini, ule mweusi laini wa kuviringishwa mkononi. Na kuna gambuti za mpira, namba sita. Gambuti ni za Siphetheni. Gwebu ameniambia mto umekauka na mke wangu anashinda kisimani akivuta ndoo, tope linampanda miguuni. Ifungeni pampu kisimani, watu wapumzike. Wewe ulikuwa mtu wa reli, utajua pa kuanzia.

Waya niliupata tu. Usiulize.

Mdogo wako,
Zenzo


Esigodini
21 Juni 1992

Zenzo, mdogo wangu,

Salamu zimefika na mama anazirudisha mara mbili. Magoti yake yako palepale. Ng'ombe watatu wamekufa. Mmoja tulimkuta amelala mtoni, mdomo ameuchomeka kwenye mchanga mahali maji yalipokuwa. Tunakula mahindi ya njano ya msaada, na ugali wake una ladha ya gunia. Huko najua mnakula nyama, kwa hiyo siendelei.

Sasa pampu. Inafanya kazi! Mwenyewe nimeifunga, siku moja, bila kumwita mtu. Waya nimeutoa kwenye soketi ya chumba changu, ukapita dirishani, nikauzika kidogo chini ya njia ya mbuzi ili usionekane, ukatokea kisimani. Mahali ulipochubuka nimefunga mfuko wa plastiki na juu yake mpira wa tairi. Fyuzi ilikatika mara mbili, nikaweka kipande cha waya wa uzio, tangu hapo haijasumbua.

Nikuambie jambo utacheka. Waya wako una nyuzi tatu ndani. Ule wa kahawia ulikuwa umekufa, umekatika mahali nisipopaona. Nikautazama ule wa kijani wenye mstari wa njano. Ule hauna kazi, Zenzo! Unakaa tu kama mkwe aliyekuja kusalimia. Nikaupa kazi ya ule wa kahawia, na maji yakaruka.

Majirani wanakuja na ndoo. Mzee Mlotshwa kaniambia, "Dingani, kumbe reli haikukufundisha kupuliza filimbi tu." Nikamjibu, "Kinga ndoo yako, ufunge na mdomo."

Siphetheni wako, MaSibindi wetu hapa, ndiye mwenye malalamiko, kama kawaida. Alikuja akapiga magoti: "Baba, bomba linanichoma kama siafu." Nikatoka mwenyewe. Nikalishika kwa mikono miwili, nikakohoa, nikatema mate. Hakuna siafu. Nikamwambia, "Siafu hao unao mikononi mwako, jina lao uvivu." Hata mama alicheka.

Gambuti zimefika, nimezihifadhi. Namba sita ni namba yangu pia. Mke wa mtu hapiti mbele ya kaka wa mumewe amevaa viatu kama askari. Hapa mke huleta maji akiwa peku na kichwa amefunika. Au Johannesburg imekusahaulisha?

Kaka yako,
D. Khumalo


Germiston
9 Agosti 1992

Kaka, Mntungwa,

Nakusalimu. Poleni kwa ng'ombe. Huku nyama tunaiona kwenye karatasi inayofungia chipsi. Mimi ni mzima. Barua yako imekaa njiani wiki sita, na tangu niisome sijalala sawasawa, kwa hiyo nivumilie nikiandika kama mtu anayekupigia kelele.

Zima pampu. Usisome mbele kabla ya kuizima.

Sasa sikiliza. Nilimwona mkaguzi wa umeme akikagua nyumba moja tuliyokuwa tukifanyia kazi. Mzee Fortuin, mfupi, anavuta miguu. Bustanini palikuwa na pampu ya kisima imefungwa waya laini kama wako. Akamuuliza mwenye nyumba, "Pampu hii inatembea?"

"Haitembei," yule akasema.

"Basi mbona umeivisha waya wa kitu kinachotembea?"

Mwenye nyumba akacheka. Fortuin hakucheka. Akasema mtunza bustani wa hapo yuko hospitali siku ya tatu na mkono wake umekuwa mweusi. Akatoa koleo, akaukata waya mbele yetu sote, akautupa kwenye pipa la takataka za ujenzi.

Wakati wa chakula nikamuuliza anieleze kama mtoto. Akanieleza. Waya laini ni wa pasi, redio, taa ya kubeba. Unachomeka, unatumia, unachomoa. Hauzikwi, haupitishwi dirishani, hauungwi kwa plastiki. Udongo unaula na panya wanaula na hakuna anayeona. Pampu inayokaa mahali pamoja inataka waya wenye gamba la chuma, umelazwa chini kabisa, ndiyo maana tunavunja migongo kuchimba. Na ule uzi wa kijani, kaka, kazi yake ni kukaa bila kazi. Ni mlinzi. Siku umeme ukivuja ukaingia kwenye chuma, yeye anaupeleka ardhini usipite kwa mtu. Wewe umemvua mlinzi sare ukamtuma kubeba mzigo, na mlangoni hamna mtu.

Huku kila nyumba ina swichi inayokata umeme ukivuja kidogo tu. Kwetu hakuna. Fyuzi yako ingejaribu kukata, ukaiwekea waya wa uzio.

Siphetheni hasemi uongo. Siafu wale ndio umeme wenyewe. Mpe gambuti azivae leo. Na unijibu swali moja: siku ile uliposhika bomba, ulikuwa umevaa nini miguuni?

Mwambie aniandikie mstari mmoja kwa mkono wake.

Zenzo


Esigodini
27 Septemba 1992

Zenzo,

Tunaendelea. Mama anakohoa. Mbuzi wawili wamezaa na watoto wamekufa. Mbwa naye kafa kisimani, nadhani kwa njaa. Amacimbi, viwavi wetu wa kula, hawakutokea mwaka huu, miti haina hata jani la kuwapa. Hiyo ndiyo hali.

Barua yako nimeisoma. Nimeisoma mara mbili, maana mara ya kwanza nilidhani umelewa. Miaka kumi na tisa nimewasha taa za ishara za reli, na hakuna treni iliyogongana mikononi mwangu. Wewe umekwenda Johannesburg kuchimba shimo, sasa unanitumia mkaguzi ndani ya bahasha. Uliishia darasa la tano, mdogo wangu. Nilikuwepo siku ulipofukuzwa.

Kwa kuwa umenivunjia heshima kwa barua, nimemaliza jambo hili hadharani. Jumapili niliwaita Mlotshwa na majirani wengine. Nikawasomea maneno yako. Nikaenda kisimani, tope limefika kwenye kifundo cha gambuti, nikalishika bomba pampu ikinguruma. Nikahesabu hadi hamsini. "Nimekufa?" nikawauliza. "Bado," Mlotshwa akasema, "ila harufu umeanza." Tukacheka sana.

Kisha nikamwita MaSibindi. "Shika." Akaja peku, akagusa kwa ncha ya kidole, akaruka kama mbuzi. Watu walicheka mpaka machozi. Mama peke yake hakucheka. Nikamwambia mke wako apige magoti aombe radhi kwa kuleta uchawi wake kwenye maji ya watu. Akaomba. Tangu siku hiyo yeye ndiye anayefungua na kufunga bomba, asubuhi na jioni, ili hofu imtoke.

Barua yako sikumsomea. Mstari uliouomba hajauandika. Ana kazi.

D. Khumalo


Germiston
18 Oktoba 1992

Kaka Dingani,

Salamu kwa mama. Kikohozi chake kinanisumbua.

Barua hii siitii posta. Nimempa Gwebu mkononi, nimemwambia aifikishe kabla hajashusha mzigo wa mtu mwingine.

Umenijibu bila kujibu. Gambuti. Ulilishika bomba ukiwa ndani ya gambuti za mke wangu. Mpira hauruhusu umeme kupita, ndiyo sababu tulizinunua, ndiyo sababu wewe ni hodari na yeye ni mwoga. Vua, simama peku kwenye tope lile, ushike tena. Huwezi. Unajua huwezi. Na mbwa hakufa kwa njaa.

Najua nimekosa adabu. Basi nakupigia magoti kwenye karatasi. Mntungwa, mwana wa baba yangu, uliyenibeba mgongoni mto ulipofurika. Sema nilikuwa mjinga wa darasa la tano. Waambie majirani umeshinda. Ila chomoa waya kwenye soketi, hayo tu, vuteni kwa ndoo hadi Krismasi. Nitakuja na waya unaostahili na nitachimba mtaro mwenyewe, kina cha kiuno. Nimemwomba msimamizi aniache niondoke sasa. "Ukitoka, usirudi," ndilo jibu, na mimi sina karatasi za nchi hii. Nikiondoka leo mlango umefungwa. Kwa hiyo naomba wiki tisa.

Waya ule ni mbovu kuliko unavyofikiri. Usiniulize nimejuaje.

Zenzo


Esigodini
13 Desemba 1992

Mdogo wangu Zenzo,

Nakusalimu kwa jina la wazee wetu. Mama anakusalimu. Kuku wanataga kidogo. Mvua imeanza kuonyesha uso, juzi ilinyesha ya kulowesha vumbi. Tulichinja yule fahali mwekundu, alikuwa amekonda lakini nyama ilitosha watu. Mlotshwa anakusalimu. Pampu tumeing'oa, iko ghalani, sasa tunavuta kwa ndoo. Umefurahi?

Usije Krismasi.

Nitakuambia kwa nini, na ulipokee kiume. Tarehe nane Novemba, asubuhi, kulikuwa na wingu moja upande wa milima. Radi ilipiga. Ilimpiga MaSibindi kisimani. Hakuumia muda mrefu.

Unajua desturi. Aliyepigwa na radi haingizwi ndani, halazwi usiku, na haliliwi, maana ni aliye juu aliyemchukua. Tulimzika siku hiyohiyo mtoni, mahali penye unyevu. Mama alitaka kulia nikamziba mdomo kwa kiganja changu. Hapakuwa na sauti hata moja, ilikuwa vizuri.

Barua yako ya Gwebu ilifika tarehe kumi na moja, siku tatu baada ya kumzika. Gwebu anasema gari lilimharibikia mpakani.

Ndugu zake MaSibindi walikuja baadaye. Yule mkubwa, Velaphi, hakukubali kuketi. Alisimama langoni akasema, "Mlotshwa alikuwa shambani hajasikia ngurumo. Wingu moja, radi moja, mtu mmoja. Radi ya kununuliwa haingoji mvua. Nani wa kwenu yuko Johannesburg wanakouza vitu hivyo?"

Mimi si mtaalamu wa radi. Nilitazama chini.

Sasa wanasema ni wewe, kwamba umepata mwanamke huko ukataka nafasi. Wameapa kulipiza. Kwa hiyo kaa hukohuko, mambo yatapoa. Barua zako zilizokuwa hapa tumewashia moto, kuni zilikuwa mbichi. Mimi nimefanya yote kulinda nyumba hii. Mtu akifa, waliobaki wanapaswa kuishi pamoja.

Kaka yako akupendaye,
Dingani


Germiston
24 Januari 1993

Dingani,

Mama anaendeleaje? Kuku? Sawa.

Gwebu amepita. Alipokuwa akishusha unga wenu, mama alimfuata hadi kwenye gari, akafungua mkono wake wa kulia, akaweka kidole katikati ya kiganja, akasema, "Mwambie Zenzo. Hapa." Akafunga mkono akarudi ndani. Radi haipigi mtu kwenye kiganja, Dingani. Umeme wa pampu ndio unaokamata mkono, na mkono ukikamatwa unafumba wenyewe, hauachii. Fortuin alinieleza na hilo. Kwa hiyo usiniandikie kwamba hakuumia muda mrefu. Alikuwa ameshikilia bomba na anasikia. Nani alichomoa waya? Au mlisubiri hadi aliponyamaza?

Nimekaa na barua yako wiki mbili. Nilitaka kukuandikia matusi, nikayaandika, nikayachana. Matusi ni ya mtu msafi na mimi si msafi. Nitakuambia mwenyewe kabla hujaambiwa.

Habari ya mkaguzi niliyokuandikia Agosti, niliiandika kana kwamba ni ya juzi. Ilikuwa Aprili. Waya ule aliokata mbele yetu akautupa kwenye pipa ndio niliokutumia. Jioni wenzangu walipopanda gari nilirudi, nikaruka uzio, nikautoa. Mita arobaini, Dingani. Ulikuwa bado una nywele za mkono wa yule mtunza bustani, nikaufuta kwa suruali yangu. Uzi wa kahawia ulikatika kwa jembe lake. Nilikuwa nimeyasikia maneno yote ya Fortuin, neno kwa neno, kabla Gwebu hajafunga mzigo. Nilijisemea: kwetu hakuna mkaguzi. Ndiyo. Nilisema hivyo, na nikajiona mjanja. Ningeandika ukweli huo mara moja tu, mwezi wa nane, pengine hata wewe ungeogopa. Niliona haya kuitwa mwizi wa takataka. Nilichagua haya yangu, wewe ukachagua majirani wako, na yeye alikuwa peku.

Kwa hiyo nimemwandikia baba yake Siphetheni. Nimemweleza yote: waya nilioutoa wapi, uzi wa kijani, dirisha, waya wa uzio, na siku mliyomcheka. Nimeandika jina langu kwanza, lako likafuata. Barua zangu ulizichoma, lakini zako ninazo, zote tatu, na nimezitia ndani ya bahasha. Mwandiko wako ni mzuri, hakuna atakayeshindwa kuusoma. "Nilitazama chini" nimeipigia mstari.

Bahasha ile ameondoka nayo Gwebu Alhamisi. Safari hii gari lake ni zima, nililikagua mwenyewe. Hii yako naitia posta kesho, na posta unaijua. Nimefanya hivyo kwa makusudi. Utakapokuwa unasoma hapa, Velaphi na nduguze watakuwa wamekwisha kuja, au wako langoni.

Sijawaambia wakufanye nini. Hilo ni lao. Mimi nitakuja mwisho wa mwezi wa pili, nimemwambia msimamizi anitafutie mtu mwingine wa sururu. Nitakwenda kwao kwanza, siji kwako, na watakalonifanya nitalikubali.

Jambo moja tu nimewaomba. Yule hakuchukuliwa na aliye juu. Aliuawa na watu wawili wa ukoo mmoja, kwa hiyo desturi ya radi haimhusu, na analiliwa kama mtu mwingine. Nimewaomba waje na wanawake wote, shangazi zake, mama yake, hata wale wa mbali. Wasimame uani pako, karibu na dirisha ulilopitishia waya, walie kwa sauti zote walizonazo, usiku na mchana, kwa siku walizonyimwa.

Mama mwache atoke ajiunge nao. Ukimziba mdomo tena, nitajua.

Na wewe kaa ndani. Usithubutu kulia.

Zenzo